Jumatano, Vipindi Viwili vya Kwanza

Kabla ya kompyuta, ratiba ya shule yetu ilikuwa karatasi ya manila iliyobandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya walimu, imechorwa kwa rula na kujazwa kwa penseli. Mimi ndiye niliyekuwa mtaaluma, mwalimu anayesimamia masomo na ratiba. Kila Januari niliichora upya, na kufikia Machi ilikuwa imejaa makovu ya ufutio, kwa sababu walimu walibadilishana vipindi wao kwa wao bila kuniambia. Mmoja ana ng'ombe anayezaa, mwingine ana msiba Rombo, mwingine ameshuka Moshi kufuatilia mshahara wake. Walifuta, wakaandika, masomo yakaendelea. Sikuwahi kuuliza sababu.

Shule ilikuwa Kibosho, juu, karibu na mahali migomba inapoishia na msitu kuanza. Kompyuta ilipandishwa huko mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, zawadi ya marafiki wa parokia kutoka ng'ambo, imefungwa kwa mablanketi nyuma ya pikapu kwa sababu ya mashimo ya barabara. Ndani yake kulikuwa na programu ya kupanga ratiba. Nilijifunza kuitumia wakati wa likizo, mchana tu, umeme ulipokuwepo.

Kila somo la kila darasa lilikuwa kadi ndogo ya rangi, na programu ilizipanga kadi zote kwenye siku na vipindi, bila mwalimu kuwa mahali pawili kwa wakati mmoja. Lakini kabla ya kupanga, ilitaka kujua jambo ambalo sisi hatukuwahi kumwuliza mtu. Kila mwalimu alikuwa na ukurasa wake. Upande mmoja unaweka madarasa anayopendelea kufundisha. Upande wa pili ni siku na vipindi, na kila kipindi unakiwekea alama: tiki ya kijani, maana yake anapatikana, alama ya kuuliza, maana yake aepushwe ikiwezekana, na msalaba mwekundu, maana yake haiwezekani kabisa.

Nilipitia walimu mmoja mmoja. Ofisi ikageuka kijiwe.

"Mimi Ijumaa kipindi cha mwisho niwekee msalaba," alisema mwalimu wa Kiswahili, mtu mzima ambaye mke wake alikuwa na meza ya vitambaa sokoni Kiboriloni. "Ikifika Ijumaa mchana mimi si mwalimu tena. Ni mpagazi wa mke wangu."

"Kidato cha Pili B, msalaba mwekundu, wote," alisema mwalimu wa jiografia. "Nipeleke hata jikoni nikasonge ugali, lakini si wale watoto."

"Programu haina jiko, mwalimu."

"Basi haijakamilika. Warudishie wenyewe."

Mwalimu wa hisabati hakucheka na wenzake. Alikuwa akisahihisha madaftari, akaendelea kusahihisha mpaka wote walipotoka kwenda kunywa chai. Alikuwa mjane. Mume wake alikuwa amefariki miaka michache nyuma, akamwachia watoto watatu, wa mwisho mvulana wa shule ya msingi. Jambo moja nilikuwa nimeligundua kwake: siku za Jumatano, wakati wa kiangazi, alifika shuleni amevaa buti za mpira zenye tope, akaziosha kwenye bomba nyuma ya jiko, kisha akatoa viatu kwenye mfuko wa nailoni. Nilikuwa nimeliona hilo kwa muda mrefu, na sikuwahi kuuliza.

"Darasa, nataka Kidato cha Nne," aliniambia. "Nimewachukua tangu wakiwa Kidato cha Pili. Najua kila mmoja anakwama wapi."

"Na saa?"

"Jumatano, vipindi viwili vya kwanza. Weka msalaba."

"Tuweke alama ya kuuliza? Programu itajitahidi."

"Mwalimu, shemeji yangu hana alama ya kuuliza. Weka msalaba."

Ndipo aliponieleza. Kihamba chake, shamba la kahawa na migomba ambalo mume wake alizikwa humo, kilipata maji kwenye mfongo, yaani mfereji uliochimbwa kwa jembe tangu zamani kuteremsha maji ya mlimani. Maji ya mfongo yana zamu. Zamu ya kihamba kile ilikuwa Jumatano, tangu alfajiri mpaka jua likiwa limepanda, na haihamishwi, kwa sababu ni ya kihamba, si ya mtu. Lazima mtu mzima wa kihamba hicho asimame mwenyewe kwenye banio, pale maji yanapozibwa na kugeuziwa shambani. Asipoonekana, wa zamu inayofuata anafungua maji yaende kwake, na akikosekana mara kwa mara wazee wa mfongo huanza kusema kwamba kihamba kile hakina mwenyewe. Wa zamu iliyofuata alikuwa kaka wa marehemu. Huyo alikuwa akifanya biashara Tarakea, akivusha bidhaa mpakani, na bei ya kahawa ilipoanguka alitaka mibuni yote ing'olewe, ya kaka yake pia, apande nyanya.

"Mwanangu wa mwisho ndiye mwenye kihamba, kwa desturi yetu," alisema. "Lakini bado ni mtoto. Mimi namshikia tu. Nikikosa maji, nimekosa na shamba."

Miaka yote ile alikuwa akibadilishana Jumatano na mwalimu wa fizikia kwa penseli, na mimi sikujua.

Niliweka msalaba. Nikabonyeza kitufe cha kupanga. Kadi zilikimbia kwenye skrini, zikajaa siku baada ya siku, kisha zikasimama. Chini kabisa, nje ya ratiba, ilikuwa imebaki kadi moja. Kidato cha Nne, Hisabati. Nilipanga upya, ikabaki ileile. Sababu niliijua: mkuu wa shule alikuwa ameagiza kwamba hisabati ya Kidato cha Nne iwe vipindi viwili vya kwanza kila siku, na agizo hilo nililiingiza mimi mwenyewe.

Nilikwenda kwake. Hakuwa mtu mkatili. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Unajua ni shule ngapi za watu binafsi zimefunguliwa kuanzia hapa mpaka mjini?" aliniuliza. "Siku hizi mzazi anachagua shule kama anavyochagua duka. Anatazama nini? Hisabati ya Kidato cha Nne. Asubuhi, vichwa vikiwa na nguvu. Nikilegeza kwa ajili ya mfongo wa huyu, kesho nitalegeza kwa ajili ya ng'ombe wa yule."

"Ni siku moja tu, mkuu."

"Basi afundishe siku zote tano, au darasa lichukuliwe na yule kijana aliyetoka chuo. Na penseli sitaki tena. Kompyuta ikishapanga, imepanga."

Nilirudi nikamkuta mwalimu wa hisabati amesimama mbele ya kompyuta, anaitazama ile kadi. Nilimweleza maneno ya mkuu kama yalivyokuwa. Aligusa skrini kwa kidole, pale kadi ilipokuwa, kama mtu anayepangusa vumbi.

"Nipe Kidato cha Kwanza," alisema.

"Mwalimu, tungoje. Nitarudi kwake tena."

"Usirudi. Watoto wa darasa watapata mwalimu mwingine. Wangu hatapata kihamba kingine."

Nilimbadilishia ukurasa wake huku akiwa amesimama nyuma yangu. Nikapanga tena. Kadi zote ziliingia, na programu ikaandika kwamba hakuna mgongano.

Wiki ya kwanza ya masomo kiranja wa Kidato cha Nne alibisha mlango wangu. Alikuwa msichana mrefu, mpole, anayeongea akitazama sakafu.

"Shikamoo, mwalimu. Darasa limenituma. Tunauliza tumemkosea nini Madam."

"Hamjamkosea."

"Basi Madam amekosea nini?"

"Naye hajakosea. Ni ratiba."

Aliinua macho, akaitazama ratiba ukutani, iliyochapwa kwa mashine, safi, isiyo na alama hata moja ya ufutio. "Asante, mwalimu," akasema, akaondoka. Najua hakuridhika. Mimi pia nisingeridhika.

Mwezi wa saba, Jumatano moja ambayo sikuwa na kipindi asubuhi, niliteremka kwenye mfongo. Sikualikwa. Nilitaka kuona kitu kilichokuwa kimeishinda ile kompyuta. Ukungu ulikuwa umelala kwenye migomba na baridi ilikuwa ya kuuma. Mwalimu wa hisabati alikuwa amesimama ndani ya maji na buti zake, akizibua banio la udongo na magome ya mgomba kwa jembe. Shemeji yake alikuwa amechuchumaa ukingoni ndani ya koti zito, na mzee mmoja wa mfongo ameegemea fimbo.

"Shemeji, leo shule imefungwa?" aliuliza yule mwanamume.

"Haijafungwa."

"Na watoto wa watu wanafundishwa na nani?"

"Na mwenzangu."

"Ungeniambia tu, ningekushikia maji."

"Najua ungeyashika," alisema, bila kuacha kazi. "Ndiyo maana nimekuja."

Mzee alikohoa kicheko, kisha akaniona. "Mwalimu, na wewe una zamu?"

"Shikamoo, mzee. Hapana, nimekuja kutazama."

"Marahaba. Tazama basi. Hapa hakuna ada."

Maji yalianza kugeuka, yakaingia kwenye mfereji mdogo kuelekea kwenye mibuni yake. Wakati huo kengele ya kipindi cha kwanza ilisikika kutoka shuleni, juu yetu, ndani ya ukungu. Alinyanyua kichwa. Alisimama hivyo, ameshika jembe, mpaka kengele iliponyamaza. Kisha akainama, akaongeza udongo pale maji yalipokuwa yakivuja.

Matokeo ya mwaka ule hayakuwa mabaya wala mazuri. Yalipobandikwa, mwalimu wa hisabati alisoma safu ya somo lake mpaka chini, na kwenye baadhi ya majina kidole chake kilikaa. Kiranja alikuwa amefaulu masomo mengine yote. Mkuu alipita nyuma yetu, akatusalimu, akaenda zake.

Miaka iliyofuata sikumwuliza tena. Kila Januari nilipofungua programu, kabla ya kugusa ukurasa wa mtu mwingine, niliweka ile misalaba miwili kwenye wake. Wakuu wa shule walibadilika, agizo la hisabati asubuhi likabaki, naye akabaki na Kidato cha Kwanza. Wale aliowaacha walitawanyika. Mmoja wao nilimkuta Kiboriloni akiuza viatu vya mitumba. Aliniuliza habari za Madam kabla hajaniuliza habari zangu.

Kisha, Januari moja, alikuja mwenyewe, akavuta kiti.

"Toa misalaba," alisema.

"Kuna nini?"

"Mwezi wa kumi na mbili, watu wote wa mjini walipopanda nyumbani, tulisafisha mfongo. Mwanangu alichimba na wanaume. Tulipomaliza, wazee walimwambia Jumatano ni yake." Akavuta kiti karibu zaidi. "Shemeji yangu alikuwepo. Alimpa mkono."

Nilibonyeza, msalaba wa kwanza ukawa tiki ya kijani, kisha wa pili.

"Na darasa?"

"Unalijua."

Alikuwa amebakiza muda mfupi kabla ya kustaafu. Wote wawili tulilijua hilo, na hatukulitaja. Kadi zilikimbia, zikasimama. Chini hapakubaki kitu.

Jumatano ya kwanza nilikuwa dirishani kabla ya kengele. Alikuja kwa njia ya nyuma ya jiko kama alivyozoea, akasimama kwenye bomba, akalifungua. Akajitazama miguuni. Alikuwa amevaa viatu, vikavu, vimepigwa rangi. Alifunga bomba, akapanda kwenda Kidato cha Nne.