Mgeni Asiyezima Injini

Miaka ile ya hamsini, vilima vya juu ya Nyololo vilikuwa na pikipiki moja tu, nayo ilikuwa ya misheni. Aliyeiendesha alikuwa mwinjilisti wetu, mtu mrefu mwenye koti la mvua asilolivua hata kiangazi, na sote tulimwita Mwalimu. Mimi nilikuwa mkunga wa zahanati, nimetoka mafunzoni Iringa juzijuzi, na ulimi wangu ulikuwa mkali kuliko umri wangu. Mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa akiwa mbali, Mwalimu alinipakia nyuma, nami nikalikumbatia begi langu la dawa mpaka tufike.

Kwetu mgeni haulizwi kama ana njaa. Akifika tu, chungu kinabandikwa na kuku anakimbizwa, hata kama ndiye wa mwisho. Mwalimu alijua vizuri kilichobaki katika maghala ya watu, hivyo akabuni heshima yake mwenyewe: akiingia uani hakuzima injini. Aliiacha ingurume, akasimama kando yake, akasalimia, akauliza habari za wazee na za mahindi, akaomba, akaondoka. Watu wakaelewa. Injini ikinguruma, mgeni anapita. Hakuna haja ya kuinuka kwenda jikoni. Wanawake walimpenda kwa hilo, nami nilimpenda, ingawa salamu zetu za "kamwene" hazina haraka na sala zake zilikuwa ndefu kama masika.

Aliyeumia ni plagi. Injini ile ilitumia petroli iliyochanganywa na oili, na ikikaa inanguruma bila kwenda popote, oili haiungui sawasawa. Inaganda na masizi kwenye ncha ya plagi, cheche inakosa pa kurukia, na ikishazimika kuiwasha ni kuomba Mungu. Fundi wake wa Mbeya alimwonya kwamba pikipiki iende au izimwe, isiachwe ikisikiliza maongezi. Mwalimu alinunua plagi ya akiba, akaiviringisha kwenye kitambaa, akaitia mfukoni.

"Nikizima, watachinja," aliniambia.

Dada yangu, yule aliyenibeba mgongoni mama akiwa shambani, alikuwa ameolewa ng'ambo ya bonde. Mimba yake ilipokuwa kubwa nilimtembelea, akanionyesha mtetea mwekundu aliyemfunga mguu karibu na jiko. Huyo ni wa supu yangu ya uzazi, alisema, na mume wangu akimgusa nitamfunga yeye kamba. Tulicheka sana siku ile.

Asubuhi moja ya mvua shemeji alifika zahanati kwa miguu, matope mpaka magotini. Mtoto amezaliwa, mzima, lakini damu ya mama haikatiki. Dawa ya kukata damu ilikuwa kwenye begi langu. Kilichobaki ni kuifikisha, na Mwalimu alikuwa tayari amekaa juu ya pikipiki.

Njia ilikatiza ua wa nyumba yenye msiba. Hakuna Mhehe anayeupita msiba kama anayepita kichaka, hata mimi nisingethubutu. Mwalimu alisimama, injini ikinguruma kama kawaida yake, akawapa pole. Bibi wawili walimshika mikono, wakamwomba sala. Nilimvuta koti. Alifupisha, lakini sala fupi ya Mwalimu ilikuwa sala ndefu ya mtu mwingine, na muda wote ule moshi wa buluu ulikuwa unatoka nyuma.

Tulifika mtoni, chini kabisa ya kilima cha dada. Tulipoanza kupanda, injini ikakohoa, ikazimika. Alipiga kiki, ikakataa. Akaifungua plagi, ilikuwa nyeusi, imelowa kama utambi wa koroboi. Akaviringua kitambaa kutoa ile ya akiba, nayo ilikuwa nyeusi vilevile. Ilikuwa imekufa uani kwa watu wengine juma lililotangulia, akairudisha mfukoni akisema ataisafisha. Nilimwacha amepiga magoti matopeni anaikwangua kwa kisu, nikapanda kilima kwa miguu.

Nilimkuta dada yangu bado ana joto, lakini hakuwa hai. Mama yetu alikuwa ameketi kando yake amempakata mtoto. Sijui kama dawa ingemwokoa. Nimezalisha wanawake wengi tangu hapo na bado sijui. Ninachojua ni kwamba nilikasirika kabla sijalia. Nilimkasirikia Mwalimu, nikazikasirikia salamu zetu, na Mungu aliyeombwa pale uani akiwa anaona.

Siku ya maziko tuliisikia pikipiki ikipanda kilima. Maneno nilikuwa nimeshayaandaa, na hayakuwa mazuri. Mwalimu aliingia uani, akasimama mahali pake pa siku zote. Kisha akazima.

Waombolezaji wote waligeuka. Hatukuwahi kusikia ukimya ule. Alibaki ameshika usukani, ameinamisha kichwa, koti linadondoka maji. Hakusalimia wala hakuomba.

Mama hakuwa ameinuka mkekani tangu kifo. Alinipa mtoto, akasimama. Jirani mmoja akamshika mkono, akamkumbusha kwamba mfiwa hapiki.

"Amezima," mama alisema. "Mgeni amefika."

Akaenda jikoni. Nikawasikia wanawake wakimsihi, kisha wakanyamaza. Alipotoka alikuwa na kisu mkono mmoja, na mkono wa pili ameshika mtetea mwekundu, kamba bado iko mguuni.