Majina Kumi na Moja ya Ugomvi

Nakumbuka Jumamosi moja ya miaka ya tisini, mwanangu, uwanja wa Khayega umejaa watu kabla umande haujakauka, nami nimesimama juu ya pikapu ya kazini, daftari mkononi, najiona msomi pekee kati ya Kakamega na Mumias. Kaa vizuri nikueleze. Siku hiyo nilifanya kosa ambalo nyinyi vijana wa leo mnalifanya kila wiki, na wala hamjui kama ni kosa.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Barabara yetu ilikuwa ikitengenezwa, nami nikapata kazi ya kumsaidia mpimaji mmoja Mchina tuliyemwita Bwana Sheni. Mimi nilishika ule mti mrefu wenye namba, yeye akachungulia kwenye darubini yake ya miguu mitatu, kisha akaandika. Ujanani mwake Bwana Sheni alikuwa amefanya kazi Tanzania miaka mingi, kwa hiyo Kiswahili chake kilinyooka kuliko chetu sote. Sisi huku, wajua, Kiswahili tunakikuta shuleni baada ya Kiluhya cha mama, na r na l tunazibadilishana kama majirani wanaoazimana chumvi. Mama mmoja wa sokoni alimsikia akisema, "Niwie radhi mama, sikukuona," akacheka mpaka ndizi zikamwanguka kichwani.

Mchana tulikula obusuma, ugali wetu, na mboga kando ya barabara. Na penye barabara inayochimbwa, mwanangu, ugomvi haukosi: huyu anasema mtaro umeingia shambani kwake, yule anasema shamba ndilo lililoingia mtaroni. Bwana Sheni alikuwa akisikiliza, kisha ananiambia jinsi kwao wanavyoyasema mambo hayo. Wachina wana misemo ya maneno manne manne, mifupi, lakini imebeba picha nzima. Watu wengi wakisema kwa pamoja, wao husema midomo saba, ndimi nane. Boma likichafuka kwa fujo, kuku wanapaa, mbwa wanaruka. Umati ukifurika, ni mlima wa watu, bahari ya watu. Wawili wakijibizana bila mmoja kulegeza, hiyo ni ncha ya sindano kwa ncha ya sindano. Na mtu akibisha mpaka damu impande, uso mwekundu, masikio mekundu. Huo nilimwambia hautufai, kwa sababu hasira ya mtu wa huku haionekani kwenye masikio meusi, utaijua akianza kuvua koti. Alicheka sana, akaliandika jibu langu kwenye daftari lake.

Usidhani nilikuwa napokea tu. Na mimi nilitoa. Nilipomwambia kwamba vita vya panzi ni furaha ya kunguru, alipiga paja lake akasema kwao ni ndege na kombe waliong'ang'aniana ufukweni, mvuvi akaja akawabeba wote wawili. Nilijivuna, sikufichi. Niliona kumbe maneno ya bibi zetu yanaweza kukaa meza moja na maneno ya taifa kubwa namna ile, na yasione haya. Fahari hiyo ninayo mpaka leo na siijutii. Ninachojutia ni nilivyoitumia.

Kwa maana nilianza kupenda ugomvi. Nikisikia kelele dukani, nilikimbia na daftari. Watu walipopigana nje ya kinu cha kusaga, mimi nilikuwa nasimama pembeni natafuta jina lake la Kichina. Vijana wa Khayega wakaniita Profesa, nami nikaitika.

Sasa njoo kwenye ile Jumamosi. Unajua sisi Waluhya wa Isukha na kupiganisha fahali. Baba yangu alikuwa na fahali mweusi aitwaye Radi, ambaye hakuvutishwa jembe hata siku moja. Alikatiwa majani mabichi akaletewa, aliogeshwa mtoni, na baba alizungumza naye kila asubuhi kabla ya kuzungumza na mama. Mama alilalamika, lakini hata yeye alijivunia pembe zile. Siku hiyo Radi alikuwa anakutana na Meneja, fahali wa Mzee Lumbasi wa upande wa Iguhu.

Na hapo ndipo palipokuwa na jambo. Petero, kijana wa Mzee Lumbasi, alikuwa amchumbie dada yangu Rispa. Wazee wa pande mbili walikuwa wamepanga kukaa Jumamosi iliyofuata. Watu wengine walimuuliza baba, wakwe wanapiganishaje fahali? Yeye alijibu, "Ukwe ni ukwe, ng'ombe ni ng'ombe."

Sheria ya uwanja ni moja na kila mtoto anaijua. Fahali anayegeuza mgongo kwanza ameshindwa. Hakuna kumpiga, hakuna kumcheka mwenye fahali. Anamchukua anakwenda naye nyumbani na mambo yanaishia hapo.

Ngoma za isukuti zililia, filimbi zikalia, watu wenye matawi ya majani mikononi wakafungua njia, na wale mafahali wakagongana vichwa. Mwanangu, ule mlio wa pembe unaufahamu kwa kifua. Walisukumana huku na huko, kisha wakapasua umati wakaingia kwenye mabingobingo ya shamba lililopakana na uwanja, majani marefu kuliko mtu mzima. Wote wawili wakapotea machoni. Walipotoka, Radi alikuwa anakimbia upande wa mto na Meneja anakimbia upande wa barabara.

Nani aligeuka kwanza? Waliokuwa chini hawakuona. Mimi na Bwana Sheni tulikuwa juu ya pikapu, tuliona kila kitu. Aligeuka Radi. Meneja alimfuata hatua kadhaa, kisha ngoma zikamshtua naye akatimua mbio. Fahali wa baba yangu alishindwa mchana kweupe, na katika watu wote wa Isukha, niliyeliona hilo nilikuwa mimi peke yangu.

Chini kukawaka.

"Ng'ombe yangu haikimbianga!" baba alipiga kelele. "Tangu izaliwe haijapea mtu mgongo!"

"Wewe uliona na macho gani?" akajibu Mzee Lumbasi. "Radi ndio ilitoroka. Sema ukweli, mzee mwenzangu."

Kila mmoja akapata watu wa nyuma yake. Nilitafuta maneno yangu moja moja kama mtu anayechagua mahindi ya mbegu: midomo saba, ndiyo hii, sindano kwa sindano, ndiyo hii. Nikamgeukia Bwana Sheni nikamuuliza, "Na ikifika hapa, kwenu mnaitaje?"

Alinitazama kwanza, kisha akasema polepole, "Panga zimechomolewa, pinde zimevutwa."

Nikaandika. Likawa la kumi na moja, nikalipigia mstari. Mpaka leo nikiukumbuka ule mstari nauonea aibu mkono huu.

Kwa sababu wakati naandika, Mzee Lumbasi alisema, "Mtu mwenye anadanganya juu ya ng'ombe, atatudanganya juu ya msichana pia." Na baba akajibu, mbele ya watu wote, "Basi msichana wangu hatakanyaga kwako. Jumamosi msije!"

Rispa alikuwa pale pale. Alikuwa amemletea baba chai kwenye thamosi. Aliiweka chini taratibu, akakaa kando ya thamosi kwenye nyasi, akajifunika uso kwa leso. Ulimi hauna mfupa, mwanangu, lakini unavunja. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi, na nyasi za siku ile zilikuwa dada yangu.

Ndipo senje akaja. Senje Anjelina, dada mkubwa wa baba, mwanamke mfupi aliyeogopwa na warefu. Akapanda kwenye gurudumu la pikapu, kichwa chake kikafika magotini mwangu.

"Profesa, ulikuwa juu. Uliona nini?"

"Senje, watu wanasema mengi. Unajua Wachina wanaita hii midomo saba..."

"Sijakuuliza midomo. Nimekuuliza macho yako."

Akalitazama daftari.

"Moto unachoma nyumba ya baba yako, na wewe unaupea majina. Umeupea majina ngapi?"

"Kumi na moja," nikasema, na sauti yangu ikawa ya kitoto.

"Na maji umeleta ndoo ngapi?"

Bwana Sheni aliinama karibu nami akasema kwa upole, "Liko moja la kumi na mbili, lakini nakuomba usiliandike. Kimya kama nyenze wa baridi. Mdudu yule huimba jua likiwaka. Baridi ikija, hunyamaza kwa hofu. Mimi ni mgeni, ndugu yangu, ng'ombe wa mwenyeji simsemei. Wewe ni wa hapa."

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Nilishuka.

Kutoka pikapu mpaka kwa baba ni kama hatua thelathini, na ndiyo safari ndefu kuliko zote nilizowahi kwenda. Nilifika katikati yao. Nikasema kwa sauti ili wote wasikie, "Baba, nilikuwa juu ya gari. Niliona. Radi aligeuka kwanza."

Baba alinitazama mpaka nikadhani atanipiga, na angenipiga nisingeinua mkono. Aliuliza neno moja tu.

"Kweli?"

"Kweli, baba."

Alikuwa na tawi la majani mkononi, lile alilolibeba kwa ajili ya kusherehekea ushindi. Akalitazama. Kisha akamwendea Mzee Lumbasi, akampa lile tawi kwa mikono miwili, akasema, "Chukua. Ng'ombe yako imeshinda. Mimi nilikuwa nyuma ya mabingobingo, huyu alikuwa juu." Mzee Lumbasi alilipokea, akamshika baba begani. Waliosimama nyuma yao wakaanza kucheka, cheko la watu walioponea chupuchupu, na mtu mmoja akapiga isukuti.

Baba hakuzungumza nami wiki nzima. Alizungumza na Radi tu. Nilidhani nimempoteza, na nilikuwa nakula chakula bila kujua ladha yake.

Jumamosi ikafika, wakwe wakaja. Wazee walipokwisha kukaa, kiti cha mkono wa kulia wa baba kikabaki wazi, na hicho ni cha mtu mzima mwenye mvi. Baba aliniita kutoka jikoni, nikiwa nimeshika sinia la ingokho, kuku wa kuwakaribishia wageni. Akaniambia niweke sinia, nikae. Mzee mmoja akauliza kama kijana huyu ndiye atakayesema kwa niaba ya ukoo.

"Ndiye," baba akasema. "Mbele ya watu alinishuhudia nimeshindwa, na mimi ndio nilimzaa. Nyinyi mtamtilia shaka ya nini?"

Mwanangu, nimepewa vyeti, nimeitwa mwalimu, nimeitwa mzee wa kanisa. Sijawahi kujivunia kitu kama kile kiti. Rispa na Petero wana wajukuu sasa.

Basi sikia. Siku hizi ugomvi ukitokea, wewe na wenzako mnatoa simu. Mnaupiga picha, mnautia maneno ya kuchekesha, mnautuma kwa walio mbali. Mimi nilikuwa na daftari, lakini tabia ni ile ile. Jifunze majina yote ya ugomvi, ya Kichina, ya Kiswahili, ya Kiluhya, na ujivunie kuyajua, kwa maana maneno ni mali. Lakini ukiwa ndiye uliyeona, na neno lako ndilo linaloweza kuzima, usisimame juu ya gari ukachagua msemo. Shuka. Sema ulichokiona, hata kama fahali ni wa baba yako. Msema kweli hukimbiwa na rafiki zake, hilo ni kweli, lakini mimi nimeishi vya kutosha kuona kwamba wale wenye maana hurudi na kiti.

Nenda sasa, na Mungu wa babu zako akutangulie. Akupe jicho linaloona, kifua kinachothubutu, na ulimi unaotuliza. Na siku utakayosimama mbele ya watu kusema neno zito, awepo mzee mmoja wa kukuuliza "Kweli?", nawe uweze kumjibu ukimtazama usoni.