Mama Majani na dirisha la mama mkwe

Saa kumi na moja kasorobo jioni, nyundo za mafundi wa magari bado zinagonga mtaa mzima, na Mama Majani amezamisha mikono yote miwili kwenye karai la maji baridi. Anaosha majani ya saladi moja moja, mbele na nyuma, kwa upole wa mtu anayemwogesha mtoto mchanga. Kila jani analitikisa, analitazama kwenye mwanga, kisha analilaza juu ya kitambaa safi.

Nyuma yake, kwenye kigoda, amekaa mama mkwe wake, ambaye mtaa mzima unamwita Bi Mkubwa. Jikoni humo Bi Mkubwa hana kazi yoyote isipokuwa kusema.

"Karai hilo lilikuwa la mafuta," anasema bila kuulizwa. "Mafuta yalikuwa yanachemka humo mpaka majirani wanafunga madirisha. Sasa angalia. Limekuwa beseni la kuogeshea majani."

"Ndiyo, mama," anajibu Mama Majani, na kuendelea kuosha.

Mwandishi wa makala haya alikaa nao jioni kadhaa, na anaweza kushuhudia kwamba mazungumzo hayo hufanyika kila siku, karibu neno kwa neno. Hakuna anayekasirika. Siku Bi Mkubwa asiposema, mkwewe huenda kumgusa paji la uso kuona kama ana homa.

Mama Majani, mwenye umri wa miaka arobaini na miwili, anauza chakula cha jioni kupitia dirisha la chumba chake cha mbele, linalotazamana na gereji. Chakula chenyewe si kigumu kukieleza. Ni nyama ya kuku ya kusaga, inayopikwa harakaharaka kwa tangawizi, kitunguu saumu, karoti na sosi ya soya, kisha inaliwa ikiwa imefungwa ndani ya jani bichi la saladi. Hakuna mkate wala wali, na mafuta ni kijiko kimoja cha ufuta kwa sufuria nzima.

Kigumu kilikuwa kuwashawishi wanaume wanaoshinda wakinyoosha mabati kwamba hicho ni chakula.

"Walipokiona mara ya kwanza waliniuliza kama mbuzi nitamleta mimi au waje naye wao," anasema, na kucheka mpaka anashika mbavu.

Dirisha hilo si lake kwa asili. Bi Mkubwa ndiye aliyelifungua akiwa mjane kijana mwenye mtoto mmoja wa kiume, na kwa miaka zaidi ya thelathini alikaangia hapo viazi, samaki na mayai. Vyote viliogelea kwenye mafuta, na vyote viliisha kabla jua halijazama. Mtoto yule alikulia chini ya dirisha hilo, akila vilivyovunjika. Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo: akakua akiwa mnene, mcheshi, na asiyetambua chakula kisichong'aa.

Leo mtoto huyo ni fundi wa kunyoosha bodi za magari, anaitwa Nyundo, na ndiye mume wa Mama Majani. Magoti ya Bi Mkubwa yalipochoka, dirisha lilirithiwa na mkwe pamoja na karai lake. Mkwe naye akakaanga miaka kumi na moja bila swali.

Swali lilikuja siku Nyundo alipoingia chini ya gari na asitoke.

"Tulidhani amelala," anakumbuka fundi wa kupaka rangi wa gereji hiyo, ambaye ni rafiki yake wa siku nyingi. "Tukamwacha apumzike. Tulipoona hata mguu hausogei ndipo tukamvuta. Uso ulikuwa umebadilika rangi, na mimi rangi nazijua."

Hospitali ikasema ni presha, tena ya kutisha. Daktari akamwambia Mama Majani kwamba mafuta yale yakiendelea, atakuwa mjane kama mama mkwe wake, na mapema kuliko yeye. Nyundo akapewa vidonge na karipio.

Nyumbani chakula kikabadilika kuwa cha kuchemsha. Nyundo alikila kimya, kwa uso wa mtu anayesaini hati ya kukiri kosa. Mkewe akamwonea huruma, akamsifu kwa uvumilivu. Kumbe uvumilivu ulikuwa na njia ya panya.

Jioni moja, akiwa dirishani anawahudumia wateja, Mama Majani aliona katika foleni mwanamume mnene aliyevaa kinyago cha kuchomelea vyuma. Zamu yake ilipofika hakufungua mdomo. Alionyesha viazi kwa kidole, kisha akaonyesha samaki, na kwenye kidole hicho palikuwa na pete ambayo Mama Majani aliivisha mwenyewe siku ya ndoa.

"Nilimuuliza, 'Kaka, nikuwekee pilipili?' Akaitikia kwa kichwa. Nikamfungia vizuri, nikampa, nikamwambia, 'Ukifika nyumbani msalimie mkeo.' Akaitikia tena kwa kichwa, akaenda zake."

Alicheka wakati ule, anasema. Usiku akalia. Alitambua kwamba kwa mikono yake mwenyewe alikuwa anamchemshia mume viazi nyuma ya nyumba na kumkaangia vingine mbele. Alipouliza, akagundua hiyo haikuwa mara ya kwanza: siku ambazo yeye alikwenda sokoni, Bi Mkubwa ndiye aliyemhudumia mwanawe, tena kwa mlango wa nyuma, bila kinyago.

"Mama gani anamtazama mwanawe akikondeshwa?" anajitetea Bi Mkubwa mpaka leo.

Mama Majani akapiga moyo konde. Kabla hajaolewa alikuwa mwosha vyombo kwenye kambi ya wahandisi waliotoka Asia kuja kujenga barabara. Yeye na mpishi mkuu wa kambi hawakuwa na lugha ya pamoja, hivyo walielewana kwa mwiko: ukikosea, mwiko unagonga meza, ukipatia, mwiko unanyamaza. Siku za kazi nyingi mpishi yule alipika nyama ya kuku na majani, na wahandisi waliokuwa wamechoka walikula wakainuka wepesi. Mama Majani aliona hicho ndicho chakula ambacho mtu angeweza kupata mbele na nyuma ya nyumba bila kudhurika.

Akamwambia mama mkwe kwamba jiko la mafuta linazimwa.

"Sikubishana naye," anasema Bi Mkubwa, na hapo mkwewe anakohoa. "Haya, nilibishana kidogo. Mwisho nikamwambia, dirisha hili lina jina langu. Nakupa mpaka Ijumaa. Ijumaa nisipoona foleni, nawasha jiko langu, na majani yako utakula wewe na kobe."

Jumatatu Mama Majani alianza kazi mchana. Alifunga kila jani mwenyewe, likakaza, akalipanga kwenye sinia. Katika miaka yake yote dirishani hakuwahi kumkabidhi mteja chakula ambacho hakijakamilika, na hakuona sababu ya kuanza sasa. Jioni mafundi walikuja kwa udadisi, na sinia likaisha lote. Alikaribia kuimba.

Kisha fundi wa rangi akarudi dirishani, amebeba rundo la majani kwa adabu zote.

"Shemeji, nimekurudishia majani yako ya kufungia," akamwambia. "Nimekusanya na ya wenzangu. Nimeyasuuza kabisa."

Walikuwa wamefungua kila jani, wakala nyama, wakaweka majani pembeni. Mengine yalikuwa yamepangwa juu ya boneti ya gari lisilo na injini, yakisubiri mwenyewe.

"Sasa mimi ningejuaje?" anauliza fundi huyo, bado akiwa na kinyongo kidogo. "Tangu lini mtu anakula mfuko?"

Bi Mkubwa, aliyekuwa kigodani, hakusema neno. Ni siku pekee ambayo mkwewe angependelea aseme.

Jumanne Mama Majani alisimama dirishani, akala jani moja zima mbele ya kadamnasi, akitafuna polepole ili kila mtu ashuhudie. Mafundi wakamfuata. Lakini majani yaliyofungwa tangu mchana yalikuwa yameshalegea kwa sosi. La fundi wa rangi lilipasuka mkononi, mchuzi ukateremka mpaka kwenye kiwiko, na kutoka hapo ukamwagikia mlango wa gari aliokuwa ametoka kuupaka rangi nyeupe.

"Ilibidi niupake upya," anasema. "Na mwenye gari alikuwa amesimama pale pale, naye ananusa."

Usingizi ulimkataa Mama Majani. Alikuwa akifuata kila kitu alichokiona kambini, tangawizi ile ile, moto ule ule mkali. Asubuhi akiwa anaswaki ndipo alipokumbuka meza ya wahandisi: nyama kwenye bakuli, majani kwenye sahani, na kila mtu akijifungia lake kabla tu ya kulitia mdomoni. Mpishi yule hakuwahi kumfungia mtu.

"Nilikuwa nimewanyima nusu ya chakula kwa heshima yangu ya kijinga," anasema.

Jumatano akabadili mtindo. Mteja akawa anapewa bakuli lenye kifuniko na mfuko wa majani makavu yaliyooshwa, aende akafunge nyumbani kwake. Akamwelekeza na mwenye kutaka kupika mwenyewe, maana hana choyo: sufuria ipate moto kwanza, tangawizi na kitunguu saumu vitangulie, kuku afuate na achambuliwe kwa mwiko asigandamane, karoti iingie mwishoni ibaki na mlio, kisha sosi ya soya, tone la siki, kidogo cha asali na ndimu. Karanga zilizopondwa hunyunyizwa juu. Kwa mpishi asiye mvivu, yote hayo huisha kabla watoto hawajamaliza kugombania nani aoge wa kwanza.

Fundi wa rangi alikwenda nalo nyumbani kwa hofu. Ana watoto wanne, ambao kwa maelezo yake hawajawahi kukubaliana juu ya jambo lolote.

"Kila mmoja akawa anajifungia lake," anasimulia. "Mdogo akafunga kubwa kuliko uso wake, likammwagikia, akafunga jingine. Mke wangu alicheka. Tumekaa mezani mpaka giza likaingia, na saladi imekwisha, na hakuna aliyejua kwamba amekula mboga. Mimi sikuwaambia."

Kesho yake alirudi na majirani wawili. Lakini hapo ndipo balaa jipya lilipozaliwa. Chakula cha kufunga nyumbani hakina foleni: mtu anafika, anapokea bakuli na mfuko, anaondoka. Ijumaa jioni mabakuli yalikuwa yanakwisha vizuri, na mbele ya dirisha palikuwa peupe kabisa.

Bi Mkubwa alichungulia, akahesabu kichwa kimoja na paka. Akasimama juu ya magoti yake mabovu, akamsogeza mkwewe kando, akawasha jiko.

Harufu ya mafuta ikavuka barabara. Nyundo zikanyamaza moja baada ya nyingine, na dakika chache baadaye foleni ilikuwa imefika kwenye lango la gereji. Bi Mkubwa alitabasamu. Mama Majani alikwenda kukaa kwenye kigoda, na anakiri kwamba alikata tamaa, si ya biashara, bali ya yule mtu wake.

Yule mtu naye alikuwa njiani. Aliposikia mama yake ndiye aliye jikoni, hakuona haja ya kujificha. Alitoka gerejini na sahani mkononi, akaanza kuvuka barabara, ambayo hata mtoto huivuka kwa pumzi moja.

Katikati alisimama. Akainama, akajifanya anafunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa ndala.

Mafundi waliokuwa kwenye foleni hawakuona kitu. Bi Mkubwa aliona. Siku zote hizo alikuwa akimpokea mwanawe kwa mlango wa nyuma, ameshafika na ameshatulia. Hakuwahi kumwona akija. Sasa alimtazama akiwa ameinama pale, mabega yakipanda na kushuka, akitafuta pumzi kwenye lami.

Akazima jiko.

"Bibi, mbona hivyo?" akauliza mtu wa kwanza kwenye foleni.

"Yamekwisha," akajibu Bi Mkubwa, na viazi vibichi vimejaa beseni zima mbele yake.

Nyundo alipofika dirishani, mama yake alimpokonya sahani. "Nenda kanawe mikono, mwanangu," akamwambia. "Kisha uje ufunge majani yako." Halafu akageuka kwa mkwewe na kusema maneno ambayo Mama Majani anayarudia kwa sauti ya chini, ili mwenyewe asisikie. "Akaniambia, 'Dirisha naweza kufungua jingine. Huyu nilimzaa mmoja tu.'"

Huu ni mwaka wa pili tangu jioni hiyo. Siku hizi familia kama arobaini huchukua chakula dirishani kila jioni ya kazi. Ni wachache kuliko wateja wa enzi za mafuta, na Mama Majani hafichi kwamba pengo hilo analiziba kwa kufulia watu nguo mwisho wa wiki. Presha ya Nyundo haijapona, lakini imeteremka, na barabara anaivuka bila kuinama.

Bi Mkubwa anashikilia kwamba hicho si chakula. Anachofanya yeye kila jioni, anasema, ni kuonja tu, na huonja mpaka kitako cha bakuli kionekane.

Mpango wa Mama Majani ni kuweka meza ndefu uani kwa ajili ya mafundi makapera, ambao wamelalamika kwamba kujifungia majani peke yako chumbani ni huzuni. Mbao ameshapata. Nyundo ameahidi kuigonga mwenyewe, ingawa ahadi hiyo ina miezi kadhaa.

Na matumaini yake? Anafuta mikono, anamtazama mumewe ng'ambo ya barabara, ambaye kwa sasa anambishia fundi wa rangi juu ya jambo lisilo na maana.

"Nataka yule mtu azeeke," anasema. "Azeeke kabisa, awe msumbufu, awe ananilalamikia majani kila jioni mpaka meno yamwishe."

Na meno yakimwisha?

"Nitamkatia vipande vidogovidogo," anajibu, na kurudisha mikono kwenye maji. "Mimi ninachotaka ni awepo wa kukatiwa."