Tiki Moja Kwenye Fomu ya Fundi

Mwaka ule kaunti ilipoleta sheria ya mafundi wa nyumba, mimi nilikuwa karani katika ofisi ya leseni, chumba kimoja chenye dirisha la waya nyuma ya soko la Mukuyuni. Sheria yenyewe haikuwa ngumu. Kila anayeingia nyumba ya mtu kutengeneza kitu kwa malipo alitakiwa aandikwe kwenye rejista, pamoja na aina ya kazi anayoiweza. Wa milango, rangi, mabati na mifereji walileta barua ya chifu tu. Wa stima walitakiwa kuwa na cheti cha mtihani wa kazi, na barua ya daktari ya kuonyesha kwamba macho yao ni mazima.

"Mlango ukikosewa unagoma kufunga," mkubwa wetu alituambia siku ya kwanza. "Stima ikikosewa, watu wanazika."

Mafundi walinung'unika. Mmoja aliniuliza tangu lini kupiga msumari kukataka karatasi, akaondoka, hakurudi. Wengi walipanga foleni tu, kofia mkononi, kama watu waliokuja kupimwa ugonjwa.

Wiki ya tatu akaja mzee aliyetutengenezea nyumba tangu nikiwa mdogo. Baba alipofariki, mama alibaki na sisi wanne, na bati la upande mmoja lilikuwa limeng'olewa na upepo. Mzee huyu alikuja bila kuitwa, akapanda, akapiga misumari, akashuka akaenda zake. Laini ya stima ilipofika kwetu, ni yeye aliyevuta waya ndani ya nyumba. Sikuwahi kumwita fundi. Nilimwita Nau, ndivyo Wakamba tunavyomwita baba, naye aliniita mwanangu.

Alitoa cheti chake cha zamani katikati ya kurasa za Biblia. Kilikuwa halali.

"Na barua ya daktari, Nau?"

"Nitaileta. Hospitali watu ni wengi."

Nikamsogezea fomu atie sahihi. Alipapasa ukingo wa karatasi kwa kidole, akapeleka kalamu pale kidole kilipo, akatia sahihi juu ya maandishi yangu badala ya kwenye mstari. Nikamtazama. Mboni ya jicho lake la kulia ilikuwa na weupe kama maji ya mchele.

"Nau, unaona vizuri?"

"Naona vya kunitosha, mwanangu."

Ningeweza kumwandika wa milango na mabati, hiyo ya stima nisubiri barua. Nilijua hivyo. Lakini watu walikuwa nyuma yake, wanatusikiliza, na niliona aibu kumwambia mzee yule, mbele yao, kwamba hafai. Nikaandika stima. Kwenye sehemu ya barua ya daktari nikatia tiki. Nikamwambia ailete Jumatatu. Hakuileta, na mimi sikumkumbusha.

Kulikuwa na mama mmoja mshonaji, mjane, aliyeshonea shule za jirani sare zote. Soketi ya chumba chake cha kazi ililegea. Kwa kuwa alikuwa mtu wa kufuata sheria, alikuja ofisini akaniuliza nani ameandikwa wa stima. Nilimsomea majina matatu. La mzee lilikuwa la kwanza, na ndilo alilolijua.

Mzee alibadilisha soketi ile, akapokea chai, akaenda. Waya wa kijani, ule unaopaswa kwenda ardhini, aliufunga mahali pa waya wa moto, na wa moto akaufunga mahali pake. Kesho yake asubuhi mama yule alichomeka pasi, akaishika, na mkono ukakataa kuachia. Jirani alisikia kishindo cha meza, akakimbilia swichi kubwa. Mama alipona. Lakini mkono wa kulia uliungua mpaka ndani, hospitali ikamkata vidole viwili, na kidole gumba kikabaki kimekauka hakikunjiki.

Mkubwa alituita mimi na mzee siku moja. Faili lilikuwa wazi mezani.

"Hapa pana tiki," alisema. "Barua iko wapi?"

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Mzee akanitangulia.

"Barua niliyoleta ilikuwa ya uongo," alisema. "Nilimwonyesha huyu msichana, halafu nikaondoka nayo. Yeye hana makosa."

Mkubwa akanigeukia. "Ni kweli?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Jina lake lilipigwa mstari siku hiyo hiyo. Kanisani alikuwa mzee wa kanisa. Akaombwa apumzike kidogo, na yule aliyetumwa kumwambia hakuweza kumtazama. Polisi walitaka kumshtaki, mshonaji akakataa kuandika taarifa. Mimi nilionywa kwa mdomo niwe makini.

Nilikaa mwezi mzima kabla ya kwenda kwake. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda, anabambua mbaazi kwa kupapasa, mkewe anaokota zinazoanguka.

"Nau, kwa nini ulisema vile?"

"Kwa sababu mimi niliyajua macho yangu. Wewe ulikisia tu."

"Sikukisia. Niliona."

Vidole vyake vilisimama. Mkewe alinyanyua uso akaniangalia, kisha akainama tena.

"Basi ungeniambia," mzee alisema taratibu. "Ungenikataza, mwanangu. Ningekasirika, halafu ingeisha."

Baadaye madaktari wa macho walikuja mjini Wote, wakamtoa mtoto wa jicho bila malipo. Nilifurahi niliposikia anaona mpaka kilima cha ng'ambo. Jumapili ya kwanza alikwenda kanisani, na mlangoni mshonaji akamsalimia kwa mkono wa kushoto. Mzee akautazama ule wa kulia. Alikuwa ameambiwa, lakini hakuwahi kuuona. Wanasema alisimama pale mpaka wimbo wa pili ukaisha, akarudi nyumbani. Tangu hapo hatoki. Vifaa vyake mkewe aliviuza.

Mwaka jana nilikwenda kwa mshonaji. Cherehani ilikuwa imefunikwa kitambaa, na yeye alikuwa anafumua sweta kuukuu. Nilimweleza yote, tangu ile sahihi iliyopanda juu ya maandishi mpaka nilivyoitikia kwa kichwa mbele ya mkubwa. Alinisikiliza bila kunikatiza.

"Mzee anajua umekuja?"

"Hapana."

"Ungebaki nayo," alisema. "Mtu mmoja nilikuwa nimeshamaliza kumkasirikia. Ilinichukua muda. Sasa unaniletea wa pili."

Nilimwomba msamaha. Uzi ulikwama, akauvuta kwa mkono wa kushoto huku ameubana upande wa pili kwa kiwiko, na nilipoinuka nimsaidie alisema, "Acha."

Nikakaa kidogo, nikaaga, nikaondoka. Siku iliyofuata nilikuwa dirishani kwangu kama kawaida, foleni mbele yangu.