Mjukuu wa Muuza Mbegu

Mwezi uliopita kazi ilinipeleka Jeddah kwa siku mbili. Mimi ni mtaalamu wa maabara katika hospitali moja ya Riyadh. Nina mkataba, nina ikama, kibali cha ukaazi, mfukoni, na natembea barabarani mchana kweupe bila kugeuka nyuma. Siku ya pili kazi iliisha mapema, nikapanda teksi nikamwambia dereva anipeleke Kandara. Akaniuliza Kandara ipi, maana upande mmoja wa zamani umevunjwa. Nikamwambia huo huo uliovunjwa.

Nikusimulie basi, wewe uliyekulia mahali ambapo majirani walijua jina lako.

Nilizaliwa Riyadh, mtaa wa Al-Naseem, katika chumba cha uani kando ya geti. Baba alikuwa dereva wa nyumba ile na mama mfanyakazi wa ndani. Kafili mmoja, yaani mwajiri mdhamini, aliwaleta wote wawili kutoka Mombasa. Baba alikufa kwa ajali ya gari kabla sijajua kutembea. Mama akabaki, kwa sababu pasipoti yake ilikuwa kabatini kwa bosi, na kila alipoomba kurudi kwao aliambiwa mwezi ujao.

Ninachokikumbuka zaidi ni harufu: wali wa kabsa wenye iliki na ndimu kavu, ukipitishwa mbele ya mlango wetu kwenye sinia. Sisi tulikula masalio. Siku madam akikasirika, masalio yalimwagwa pipani na kumiminiwa maji ya sabuni ili tusiyaokote. Watoto wa nyumba waliniita abda, yaani mtumwa, tena bila hasira, kama mtu anavyomwita paka. Nilidhani ni jina langu, nikawa naitika. Siku mama aliponisikia nikiitika alinivuta chumbani, akanishika mashavu, akalitaja jina langu la kweli tena na tena mpaka sauti ikamkauka.

Nilikuwa na miaka saba bosi alipompiga mama kwa waya wa pasi, sababu ya kanzu iliyoungua. Wiki ile ile tulitoka getini kama watu wanaokwenda kutupa taka, hatukurudi. Rafiki wa marehemu baba alitufikisha Jeddah. Kuanzia hapo tulikuwa watu wasio na karatasi.

Kandara tulipata chumba ghorofa ya pili, kidogo, chenye dirisha moja la mbao. Mama akapata vibarua vya usafi kwenye majumba ya Al-Hamra, kule baharini. Asubuhi aliniachia mkate mmoja na chai kwenye chupa, kisha akanifungia kwa kufuli la nje, ili mkaguzi akipita aone chumba hakina mtu. Sikuruhusiwa kuimba, wala kufungua bomba, wala kuburuta kiti. “Mlango ukigongwa,” alisema kila siku akijifunga baibui, “wewe ni ukuta.” Mkate niliugawa vipande vitatu, na kabla ya adhana ya adhuhuri vyote vilikuwa vimekwisha.

Chini ya dirisha aliketi mwanamke mzee akiuza mbegu za tikiti na karanga za kukaanga. Alikuwa mweusi kama mimi, lakini Kiarabu chake kilikuwa cha mtu aliyezaliwa pale. Siku moja nilisahau nikatoa kichwa nje. Watoto wa kichochoroni wakaniona. “Abda! Abda!” Jiwe likanipata juu ya jicho. Yule mwanamke aliinuka na kiatu mkononi, akawafukuza mpaka kona. Aliporudi hakutazama juu. Alisema tu, kama anayejisemea, “Wewe wa dirishani, una kamba?”

Kiarabu nilikijua tangu Al-Naseem. Nilichana leso kuukuu ya mama, nikafunga vipande, nikateremsha. Alinifungia mbegu za moto kwenye gazeti. Kesho yake mkate wenye maharagwe. Tangu hapo ikawa hivyo kila siku, na wakati mwingine alinisemesha huku uso wake uko kwenye sinia lake: leo joto kali, leo muuza samaki kagombana na mkewe. Mimi sikujibu, kwani ukuta haujibu. Lakini nilikuwa nikimsubiri.

Mama aliona maganda chini ya godoro. Alinipiga, na mama hakuwa mtu wa kupiga. “Nani anajua uko hapa? Unataka watuchukue?” Akaichukua kamba, akaniapisha nisimsemeshe mtu. Nikaapa.

Wiki mbili baadaye mama hakurudi jioni. Wala kesho yake. Nilikunywa maji ya bomba kwa kiganja, tone kwa tone, ili lisilie. Chini nilisikia sauti ya yule mwanamke, “Wewe wa dirishani!” nami nikakaa mbali na dirisha, kwa sababu nilikuwa nimeapa.

Siku ya tatu mlango uligongwa. Nikajibanza nyuma ya ndoo.

“Mimi ni wa mbegu,” sauti ikasema. “Sijamwona mama yako akipita. Umo humo?”

Nikazidi kujikunja nyuma ya ndoo.

“Miye si serikali, binti. Gonga mara moja tu nijue uko hai.”

Nilitaka kugonga. Mkono ulikataa. Nikamsikia akishuka chini sakafuni, mgongo wake ukiegemea mlango, akihema kwa zile ngazi. Akakaa pale muda mrefu, na nadhani ni kule kukaa kulikonishinda.

“Mama kasema mimi ni ukuta,” nikanong'ona.

Hakucheka. “Basi, ukuta,” akasema, “una njaa?”

Nikaanza kulia kwa sauti, kilio changu cha kwanza cha sauti tangu tuingie mji ule.

Aliita fundi chuma Myemeni wa pale chini, akavunja kufuli. Nilipewa maziwa kwanza, kidogo kidogo, kisha mkate. Nikakaa naye pembeni ya sinia, juani, nikiona miguu ya watu ikipita karibu hivyo. Nililala kwake siku mbili.

Mama alitokea siku ya tano, mkono umevimba, nywele zimekatwa ovyo. Madam wa Al-Hamra alikuwa amepoteza bangili, akamshuku mama, akamfungia stoo mpaka bangili ikaonekana kwenye gari la madam mwenyewe. Aliponiona nje, peupe, nilijikunyata nikingoja kofi. Akapiga magoti pale pale kwenye vumbi.

Kiarabu cha mama kilikuwa cha jikoni tu, kwa hiyo mimi ndiye niliyewatafsiria.

“Mwambie asikufungie tena,” mzee akasema. “Ushinde hapa na mimi.”

“Mwambie watakuchukua,” mama akasema. “Hatuna karatasi.”

“Mwambie mimi ninazo. Anayepita ataona bibi na mjukuu wake. Hawa watu hawatutofautishi, mwanangu. Leo hilo litusaidie.”

Nilikaa mjukuu wake zaidi ya mwaka. Bado nilitukanwa, na yeye alitukanwa, ingawa alizaliwa mtaa ule na wazee wake kabla yake. Siku kama hizo alininyooshea konzi ya karanga. Halafu msako ukamkuta mama njiani, akasema ana mtoto ili asiniache nyuma, wakaja kunichukua kwenye sinia la mbegu. Bibi alinishika mkono mpaka akasukumwa. Baada ya majuma ya kizuizini tulipandishwa ndege kwenda kwetu. Sikuwahi kuuliza anaitwa nani.

Sasa pale ni uwanja mtupu uliozungushiwa mabati. Nilimuuliza mwenye duka la upande wa pili habari za mwanamke muuza mbegu. Akasema yeye ni mgeni, waliokuwepo wametawanyika.

Nikampigia mama simu Mombasa. “Wamevunja kwetu Kandara,” nikamwambia. “Hakuna hata ngazi.”

“Alhamdulillahi,” akasema. “Wamechelewa.” Nikamsikia akiwaambia wajukuu zake, na kwa sauti yake nilijua anatabasamu.

Ana haki. Sikumwambia kwamba mimi nilikuwa nimesimama pale nikimlilia bibi wa mbegu, na kwamba hapakuwa na mtu mwingine duniani wa kumwambia.