Mnyamwezi Wangu Alipokufa Baharini

Meli ile tuliipata kwa sabuni. Enzi hizo za ruksa, biashara zilipoachiwa huru, kila mwenye chumba kinachotazama barabara alikigeuza duka, na mimi nilikuwa na langu Mafiga, Morogoro: sabuni, chumvi, kandambili, mafuta ya kupima, na magauni ya mitumba yaliyoning'inia mlangoni. Kampuni moja ya sabuni, iliyoingia mjini kwa fujo na vipaza sauti, ikatangaza bahati nasibu kwa wenye maduka. Ukiuza katoni za kutosha, jina lako linaingia kwenye ndoo. Zangu nilizihesabu mara mbili kabla ya kutia sahihi, maana wakala wao alikuwa na macho ya mtu anayekosea kujumlisha kwa faida yake.

Jina langu likatoka. Zawadi ya kwanza: watu wawili, safari ya meli ya starehe kutoka Dar es Salaam hadi Madagaska, hadi Morisi, na kurudi. Kula na kulala juu ya kampuni.

"Nipe pikipiki," nilimwambia wakala.

"Mama, pikipiki ni zawadi ya pili. Wewe umepata ya kwanza."

"Basi nishushe. Nipe ya pili na katoni ishirini juu yake."

"Haiwezekani, mama."

"Kumi na tano."

"Mama, watu wanaililia safari hii!"

"Wauzie. Mimi niletee hela yao."

Akakusanya makaratasi yake, akaziacha tiketi juu ya mizani na kuondoka mbiombio kama mtu aliyefunguliwa mbwa.

Haja yangu haikuwa bahari. Haja yangu ilikuwa mume wangu.

Mume wangu ni Mnyamwezi wa Tabora, mimi ni Mluguru wa Mgeta, kwa hiyo kabla ya kuwa mke na mume tulikuwa watani. Alikuja Morogoro kijana, akapata kazi ya ufundi kwenye kiwanda cha nguo. Siku ya kwanza aliponunua kabichi kwangu sokoni aliniuliza kama ni kweli kwetu milimani kuku hufungwa kamba wasiporomoke. Nikamwuliza kama ni kweli kwao ni tambarare kiasi kwamba mgeni akiaga leo, kesho kutwa bado mnampungia mkono. Akacheka mpaka akalipa bei niliyotaja bila kuomba apunguziwe. Hapo nikajua huyu amekwisha. Tukaoana, na tangu hapo nyumba yetu iliendeshwa kwa utani kama nyumba za wengine zinavyoendeshwa kwa redio: ukiamka umewashwa, ukilala bado unasema.

Kisha kiwanda kikapunguza watu, naye akawa mmoja wao. Akapewa barua na kiinua mgongo, akaja kukaa kibarazani. Nilikuwa nikipita na ndoo namrushia neno, "Mnyamwezi, mjukuu wa wapagazi, hata mzigo wa kubeba umekosa?" Zamani ningepata jibu la kunikalisha chini. Sasa alisema, "Sawa." Nikirusha jingine, "Sawa." Jioni moja akaniambia, bila ugomvi wowote, kwamba kabla mvua za kwao hazijaanza atarudi Tabora kwa kaka yake, akalime tumbaku.

"Mimi nilikuja huku kwa kazi," alisema. "Kazi imekwisha. Wewe una duka lako, na una kwenu."

Utamjibu nini mtu wa hivyo? Mteja anayekataa bei unaweza kumfuata mpaka mlangoni. Anayesema sawa huna pa kumshika. Mtoto wetu wa mwisho, aliyekuwa akisoma Mzumbe, alinishauri nimwache baba apumzike. Nikamwambia apumzike yeye na vitabu vyake. Nilipanda meli ile na jambo moja tu kichwani: kama utani hautarudi baharini, hautarudi tena, na treni ya Tabora itamchukua.

Meli yenyewe ilikuwa mtaa mzima uliosimamishwa wima. Tulipanda ngazi, tukapanda tena, tukakuta ukumbi wa chakula wenye mazulia, na juu kabisa, ajabu ya dunia, bwawa la kuogelea. Bahari yote ile pembeni, wao wamechota kidogo wakaiweka juu. Tulivalishwa maboya tukafundishwa namna ya kukimbia meli ikizama. Niliyahesabu maboya ya upande wetu, nikarudia, yakatosha, nikashusha pumzi. Kilichonisumbua ni kwamba hakukuwa na bei popote. Unachukua chungwa, hakuna anayekudai. Unachukua la pili, mtu anakutabasamia. Siku ile ya kwanza nilikula kwa wasiwasi, nikingoja mwenye mali atokee.

Usiku bahari ikaanza kutikisika. Mimi sikuona tabu. Mtu aliyezaliwa Mgeta, aliyejifunza kutembea kwenye kijia chenye upana wa jembe, na kabichi kichwani, kwake sakafu inayoinama ni sakafu tu. Lakini Mnyamwezi wangu, mtu wa nchi iliyonyooka kama meza, alilala chali akawa rangi ya majivu. Asubuhi hakula. Siku iliyofuata hakula. Nilimletea ndimu, nikamletea tangawizi. Bahari ilipotulia na watu wote wakatoka nje kuota jua, yeye alibaki amegeukia ukuta.

"Toka uone samaki wanaoruka," nilimwambia.

"Sawa," akasema, na hakutoka.

Nikakaa kwenye kiti cha chumbani nikamtazama. Tumbo lilikuwa limeshapona, hilo nilijua. Kilichomlaza hakikuwa bahari. Na mimi dawa niliyokuwa nayo ilikuwa moja tu.

Kwetu, mtu akifa, mtani ndiye huvaa nguo za marehemu. Huiga mwendo wake na sauti yake, hudai urithi, hulala njiani jeneza lisipite mpaka alipwe, hadi wafiwa wacheke katikati ya kilio. Lakini hayo hufanyiwa maiti. Kumfanyia mtu anayepumua, tena mumeo, tena katikati ya maji, sikuwahi kusikia. Niliogopa. Nililipima jambo hilo, nikalipima tena. Kisha nikafungua kabati, nikatoa koti lake la sufu, lile la harusi na mikutano, nikalivaa. Nikavaa na kofia. Nikaanza kutembea mle chumbani kwa mwendo wake, mikono nyuma, nikikohoa kama yeye anapotaka kusema jambo la maana. Kisha nikapiga ukunga.

"Jamani, Unyamwezi wote njooni! Mtu wenu amekufa! Amekufa maji, na maji yenyewe hayajamgusa! Ameacha kofia iliyotoboka na koti hili, na koti nalichukua mimi! Nani atanilipa kulifikisha zigo hili Tabora? Mbeba mizigo leo ni mzigo!"

Hakugeuka. Nikaongeza sauti.

Mlango ulikuwa wazi, na mlangoni alikuwa amesimama mhudumu wa chumba chetu, mtu mzima wa Mombasa, mpole, ambaye kila siku alitukunjia taulo kwa umbo la bata. Aliniona mimi na koti la kiume, akamwona mwanamume amelala kimya kitandani. Bata wakamponyoka mikononi.

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," akasema, na kabla sijafunga mdomo alikuwa ameshaondoka mbio. Nikamfuata koridoni.

"Baba, subiri! Ni utani!"

"Utani na maiti, mama?"

"Mimi Mluguru, yeye Mnyamwezi!"

"Mama, kaa chini," alisema kwa huruma, bila kupunguza mwendo. "Ni msiba huo umekupanda kichwani."

Nilirudi chumbani nikihema, na nyuma yangu wakaja daktari mzungu mwenye mkoba, vijana wawili wenye machela, na mhudumu wetu akisoma dua. Nyuma yao mabibi wawili wa kizungu waliokuwa wakipita wakasimama, mmoja ameshika kifua. Chumba kikajaa. Daktari akaushika mkono wa mume wangu, na mume wangu akaketi.

"Nani amekufa?" akauliza.

Akatuangalia mmoja mmoja, akaiona machela, mwisho akaniona mimi. Alinitazama muda mrefu, kuanzia kofia kushuka chini.

"Vua koti langu."

Nikaanza kufungua vifungo.

"Kwanza umelivaa vibaya," akaendelea. "Tazameni, jamani. Bega moja juu, moja chini. Mluguru hata umvalishe koti la mfalme, atasimama kama yuko mteremkoni."

Nilikaa chini palepale sakafuni, katikati ya viatu vya watu, nikacheka huku machozi yakinitoka. Mhudumu alipoona hivyo akawa na hakika kwamba msiba umenizidia, akaniletea maji. Ilibidi mume wangu mwenyewe amweleze habari ya watani, akiwa na fulana, huku vijana wa machela wakingoja kujua kama wanahitajika. Daktari, kwa kuwa alikuwa ameshakuja, akampa vidonge vya tumbo. Niliuliza bei. Bure.

Baada ya hapo ndipo bahari ilipoanza kwangu. Habari ilikuwa imeenea meli nzima. Wazee wa kizungu walimsimamisha mume wangu kumpa mkono, na mhudumu wetu, alipokwisha kuuelewa utani, akawa anamwamkia, "Marehemu, umeamkaje?" Marehemu alikula. Alikula samaki, akala nyama, akarudi kwenye foleni kana kwamba ni mtu mwingine. Tulikaa kwenye viti vya kujinyoosha, maji pande zote, hakuna nchi, hakuna wateja, hakuna wa kugonga dirisha akitaka kibiriti cha mkopo. Nililala usingizi wa mchana, kitu ambacho maisha yangu yote nilidhani ni ugonjwa. Nilipoamka bahari ilikuwa palepale, bluu ileile, na mtani wangu pembeni ananyoosha kidole.

"Umeona nchi ilivyonyooka? Mungu akiwa na utulivu hutengeneza hivi. Alipofika kwenu mkono ulikuwa unamtetemeka."

"Nchi gani isiyo na hata mti wa kufungia mbuzi?"

"Mti wa nini? Mbuzi ataenda wapi, unamwona!"

Siku zikapita hivyo, na sikuzihesabu. Samaki wale wanaoruka walitufuata asubuhi, na jioni palikuwa na muziki. Tukacheza, mimi nikimkanyaga kwa makusudi. Tukaingia hata kwenye lile bwawa, mimi na gauni langu lote, nikashika ukingo kwa mikono miwili wakati Mnyamwezi akinizunguka akidai nauli ya kunivusha. Morisi tulishuka sokoni. Nilipokuwa navutana na Mhindi mmoja juu ya vitambaa, nilisikia nyuma ya sikio langu sauti niliyoizoea: "Ondoka. Nenda tu. Atakuita." Nikaondoka. Mhindi akaita.

Lakini habari ya Tabora haikutajwa na yeyote. Mimi sikuigusa, kama mtu asivyougusa mkungu wa ndizi anaotaka kuununua. Meli ikageuza, na kila siku maji yalivyopungua mbele yetu ndivyo nilivyozidi kukodoa macho kwenye uso wake.

Asubuhi ya mwisho tulikuwa tunakunywa chai. Akafungua kipakiti kidogo cha asali, kile cha kupaka kwenye mkate, akalamba. Akakunja uso. Akamwita mhudumu wetu aliyekuwa akipita.

"Ndugu yangu, hii ni nini?"

"Asali, marehemu. Yatoka Ulaya."

"Nyuki wake walikuwa na malaria?"

Mhudumu akacheka, akaenda zake. Mume wangu hakucheka. Alikigeuza kile kipakiti, akakigeuza tena.

"Mtu wa Morogoro akitaka asali anaipata wapi?" akaniuliza.

"Barabarani, kwenye chupa. Nusu yake sukari iliyochemshwa."

"Kaka yangu ana mizinga mingi kule porini kuliko mashina ya tumbaku. Wanaila wenyewe mpaka wanaichoka."

Niliweka kikombe chini.

"Kwa hiyo unakwenda," nikasema.

"Nakwenda."

Nikaitazama bahari. Ilikuwa nzuri kweli, na sikuweza kuiona.

"Nakwenda na madebe matupu," akasema, "narudi na madebe yaliyojaa. Treni si inapita palepale Morogoro? Nikimaliza kuuza nakwenda tena. Ila nitahitaji rafu dukani kwako. Mbili, za usawa wa macho."

Nikamjibu kwa sauti ya dukani.

"Za usawa wa macho ni za sabuni. Chukua moja, ya chini, kando ya mafuta ya taa."

"Asali kando ya mafuta ya taa! Ndiyo maana kwenu mnaporomoka, hamjui kitu kinakaa wapi. Mbili."

"Moja, na kila mwezi unalipa pango."

"Pango? Nakulipa pango mimi, mumeo?"

"Wewe marehemu. Shukuru hata unasikilizwa."

"Moja na nusu. Na kiti changu mwenyewe, nikae ndani ya duka, si kibarazani."

"Kiti unakuja nacho."

Watu walianza kuinuka mezani na kukimbilia madirishani, wakionyeshana kitu mbali, nadhani ilikuwa nchi kavu. Mhudumu akatuuliza kama hatuendi kutazama. Mume wangu akampungia mkono asubiri. Tulikuwa hatujafika kwenye bei ya chupa.