Sauti ya Kwanza

Mtaani wanamwita Fundi Fungua, na jina hilo limempanda kichwani. Mletee deki iliyokufa, ataifufua. Mletee filamu ya ughaibuni inayokataa kucheza, ataibembeleza mpaka ikubali. Ni mume wangu, kwa hiyo nina haki ya kusema: kazi anaijua, ila hasikii la mtu.

Jumatatu alitujia rafiki wa marehemu shemeji, yuko likizo, na diski aliyoiazima maktaba ya huko anakoishi. Ni filamu ya wapakia mizigo wa bandarini, na shemeji, kaka mkubwa wa mume wangu, anaongea ndani yake karibu dakika nne. Alifia huko huko, akazikwa huko huko, mwaka wa sita huu. Mama mkwe alipopata habari hakulia. Alisema, "Sura yake ninayo ukutani. Sauti ndiyo imeanza kunipotea. Nataka kumsikia tu."

Mgeni alikuwa anaondoka Ijumaa, na diski yake.

Deki ya kwanza iliitema. Ya pili ikaandika kwamba diski si ya eneo hili. Hapo ndipo ninapochukia: mtu kakaa huko akafunga filamu kwa namba, eneo hili watazame, eneo lile wasitazame, utadhani macho yetu yametoka kiwanda kingine. Mume wangu akahamia kwenye kompyuta. Kisoma diski chake kinakubali kubadilishwa eneo mara tano tu, baada ya hapo kinaganda milele. Mara nne zilishaliwa na wateja na filamu zao za ngumi.

"Hii ya tano ni ya kaka," akasema, akabonyeza.

Ikafunguka. Shemeji akatokea na kofia ya kazi, anacheka na pengo lake lile lile. Nikashika mdomo.

"Weka sauti," nikamwambia.

"Spika nimemwazima mteja. Picha kwanza, mke wangu. Sauti haijawahi kunisumbua."

"Basi tumlete mama atazame hapa hapa."

"Mama apande ngazi na miguu ile, aje akae juu ya ndoo kama mteja? Atatazama sebuleni kwake."

Na picha kweli ilimtoa jasho. Mfumo wa huko si wa televisheni ya mama. Kopi ya kwanza ilitoka nyeusi na nyeupe, inapanda na kushuka kwenye skrini. Ya pili ilikuwa na rangi, lakini shemeji anatembea kwa kushtukashtuka. Siku tatu nzima ukimsemesha mume wangu anakujibu kwa mguno. Kopi ya nne ndiyo ikatulia. Ili itoshe kwenye diski tupu, akafanya kama anavyowafanyia wateja wote: kati ya sauti zilizopangwa kwenye diski, akabakiza ya kwanza, nyingine akafuta. Ijumaa asubuhi akamrudishia mgeni diski yake, tukaenda kwa mama.

Tulimkuta amevaa gauni lake la kutokea. Rangi safi, picha imetulia, na mume wangu akanitupia jicho la kujisifu. Shemeji akafungua mdomo.

Ikatoka sauti ya mwanamume mwingine, nzito, isiyo na haraka, inasoma lugha ya huko. Chini yake kabisa, kama redio ya jirani, palikuwa na mnong'ono usioshikika.

"Nani huyu anamsemea mwanangu?" mama akauliza.

Mume wangu akampigia mgeni, akampata uwanja wa ndege.

"Ya kwanza ni ya mkalimani!" Nilimsikia kutoka nilipokaa. "Si mlichukua ya pili? Hiyo ndiyo anaongea mwenyewe. Jamani, mimi ndiyo napanda."

Nilitaka kumrushia kitu mume wangu. Nikamwona anabonyeza rimoti, anatafuta sauti ya pili aliyoifuta mwenyewe, nikajizuia.

"Mzime huyo mtu," mama akasema.

Mume wangu akaondoa sauti. Shemeji akaendelea kuchezesha midomo, akacheka, akanyoosha kidole upande wetu. Mama akasogeza kiti mpaka magoti yakagusa meza ya televisheni.

"Hapo anasema nini?"

"Sijui, mama."

"Si wewe ndiye fundi?" Hakusema kwa ukali. "Rudisha nyuma, uniambie."

Akarudisha nyuma.